Milima ya Maneno

Wiki iliyopita mwenzangu mmoja kazini alinigeuzia simu yake nione picha. Alikuwa na mpango wa kuipakia familia yake kwenye gari kutoka Dar es Salaam, wavuke Rufiji, wapande mpaka milima ya Umatumbi, walale huko siku mbili tatu wakitazama tu mabonde. "Wewe si mtu wa Ikwiriri?" akaniuliza. "Nimeambiwa mwezi wa kumi ndio mzuri. Barabara inakuwa kavu kabisa." Nikamjibu kabla sijapima sauti yangu, mpaka watu wa meza ya pili wakageuka: "Usithubutu! Nenda mwezi wa saba." Madirisha ya ofisi yalikuwa yamefungwa na kiyoyozi kinavuma, lakini pua yangu ilikuwa imeshajaa harufu ya majani yanayoungua.

Alicheka, akasema sawa, akarudi kwenye kazi yake. Mimi sikurudi kwenye yangu mpaka baada ya adhuhuri.

Baba yangu alikuwa mtu wa bondeni na mama yangu mtu wa mlimani. Kwa asiyejua pande zetu hilo si jambo, lakini ndani ya nyumba yetu pale Ikwiriri lilikuwa jambo la kila siku. Tuliishi na bibi, mama yake baba, Mndengereko aliyezaliwa kando ya mto na ambaye alikuwa hajawahi kulala mahali asipoweza kufika mtoni kwa miguu. Bibi alikuwa na shamba lake la mpunga kwenye ardhi inayofurika, na aliujua mto kama mtu anavyomjua mume wake: lini utakuja juu, lini utarudi chini, lini umekasirika na lini unatisha tu. Mchele wake ulikuwa ukinukia mpaka nyumba ya tatu. Alikuwa mwanamke wa haki, mswalihina, asiyenyima mtu chakula. Ila alikuwa na mdomo.

Mama aliolewa akiwa msichana kutoka Umatumbi, kijiji kimoja cha juu kidogo ya Kibata. Baba alikuwa dereva wa Landrova ya tajiri mmoja wa ufuta, na alimpata mama katika safari zake za kununua mazao. Jioni, tukichambua mchele barazani, mama alizoea kutusimulia kwao. Alisema asubuhi ukiamka unayakuta mawingu yamelala chini yako, bondeni, meupe, na wewe umesimama juu yake umekauka. Alisema machungwa yanaanguka mpaka watoto wanayachezea mpira. Alisema nyuma ya nyumba yao kuna jiwe kubwa, na ukisimama juu yake unahesabu vilima kumi na kimoja, kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja kikiwa na bluu yake.

Bibi alikuwa akisikiliza bila kuinua macho kwenye ungo. Halafu akisema, "Haya. Milima ya maneno hiyo." Na wageni, kama wapo, wakicheka.

Mimi nilikuwa darasa la pili. Neno lile nililichukua kama lilivyo. Sikujua kwamba bibi anafanya mzaha. Nilielewa kwamba kuna milima ya mawe na kuna milima ya maneno, na ya kwao mama ni ya aina hii ya pili. Kwamba mama akizungumza ndipo inapoinuka, na akinyamaza inalala. Halikunisumbua hata kidogo. Niliona ni ufundi mkubwa. Nilikuwa nikimwomba, "Mama, ijenge tena," naye akifikiri ninamtania, akinipiga kofi la mgongo na kuanza upya.

Siku ile baba alipotangaza kwamba tajiri amemruhusu gari kwa siku tatu na kwamba angependa mama yake akaone wakwe, nyumba nzima ilifurahi. Swali likawa lini. Bibi alisema mwezi wa kumi, kwa sababu mpunga umeshavunwa, mwingine haujapandwa, na barabara ni kavu. Baba akasema ni kweli. Wakati ule kipande cha barabara kusini mwa daraja la Rufiji kilikuwa bado hakina lami, na kila dereva aliyekuwa na akili alikipita wakati wa kiangazi.

"Mama," mama akamwambia bibi taratibu, "mwezi wa kumi milima imechoka."

"Imechoka?" bibi akauliza. "Imefanya kazi gani?"

Watu walicheka, na mama naye akacheka, na shauri likaishia pale. Mkaza mwana hagombani na mkwewe juu ya mwezi.

Tukaenda mwezi wa kumi. Kutoka Somanga mpaka Njia Nne tulimeza vumbi, na tulipokunja kuingia njia ya milimani lile vumbi likawa jekundu, likaingia masikioni, likaingia kwenye wali tuliobeba. Watu walikuwa wakichoma mashamba. Kila upande ulikuwa na moshi, si moshi wa kupanda juu na kwisha, bali ule unaolala na kukaa kama mgeni asiyeaga. Nilikuwa nimetoa kichwa dirishani toka Njia Nne nikisubiri milima. Gari lilinguruma na kuinama nyuma, kwa hiyo nilijua tunapanda, lakini mbele sikuona ila majivu yanayoelea na miti isiyo na majani. Tulipofika kwao mama, mjomba, kaka yake mkubwa, alitupokea kwa moyo wote, lakini machungwa yalikuwa yamekwisha toka zamani na kijito cha nyuma ya nyumba kilikuwa mstari wa mchanga.

Mama alinishika mkono akanipeleka kwenye lile jiwe. Bibi akaja nyuma yetu, akikohoa ndani ya upindo wa kanga. Tukasimama juu. Hapakuwa na kitu. Ukuta wa jikoni kwetu ulikuwa na rangi zaidi ya pale: kijivu, na nyuma ya kijivu, kijivu.

"Ndiyo hii?" bibi akauliza.

"Imejifunika, mama," mama akasema. "Ni moshi. Ipo."

Bibi alikohoa sana kabla ya kujibu, na nadhani kikohozi kile ndicho kilichomfanya awe mkali. "Nimetoka kwenye maji," akasema, "nimekuja kumeza jivu kwa ajili ya milima ya maneno."

Safari hii hapakuwa na wa kucheka. Mama alibaki ameangalia mbele, midomo imefungwa, mkono wake ukiwa bado umeushika wangu. Na mimi nikangoja aseme. Niliamini akifungua mdomo tu milima itainuka, mmoja baada ya mwingine, kama barazani. Hakusema. Basi nikaelewa, kwa elimu yangu ya darasa la pili, kwamba maneno yamemwishia, na kwamba alichokuwa akitusimulia siku zote hakikuwa na kitu ndani.

Baada ya safari ile mama aliacha kusimulia. Hakununa, alipika, alicheka na majirani, alimhudumia bibi kama kawaida. Ila barazani alikuwa akichambua mchele na kunyamaza, na tukimwomba alisema, "Nimechoka leo." Hata Kimatumbi, ambacho alikuwa akitugombezea nacho, kilitoweka. Akatugombeza kwa Kiswahili tu, kama mwanamke yeyote wa Ikwiriri.

Mvua za masika zilipoanza, mwalimu wetu alitufundisha juu ya milima na mabonde. Akauliza darasani ni nani amewahi kuona mlima kwa macho yake. Sisi ni watu wa tambarare. Hakunyoosha mkono mtu. Ndipo msichana mmoja tuliyekuwa tukikaa naye dawati moja, akiitwa Tausi, akanionyesha kwa kidole. "Mwalimu, mama yake huyu katoka milimani. Mmatumbi."

Darasa zima likanigeukia. Sijui kilichonipata. Nilisimama nikasema kwa sauti safi, "Siyo kweli. Mama yangu mtu wa hapa hapa. Na huko hakuna milima. Mimi nimekwenda, sikuiona."

Wakacheka, na kicheko chao kilinifurahisha kwa muda wa kama kumeza mate.

Tausi akamwambia mama yake. Mama yake akamwambia mama yangu kwenye mashine ya kukoboa, mbele ya foleni, kwa nia njema kabisa, kama kichekesho cha watoto. Niliyajua hayo siku ileile, kwa sababu mama alirudi na mchele wake kichwani, akautua, akaniangalia. Nilirudi nyuma mpaka nikafika ukutani. Nilidhani atanichapa. Aliniangalia tu, kama mtu anayesoma barua, kisha akaingia ndani.

Usiku, wakati wa chakula, bibi akiwepo, mama alimwita baba kwa jina la kaka yangu mkubwa, kama alivyozoea. "Baba Saidi," akasema. "Mwezi wa saba, wiki ya kwanza, ninaomba gari. Tunakwenda kwetu. Wote. Na mama."

Baba akaacha tonge njiani. Katika ndoa yao yote, nilikuja kuambiwa, mama hakuwa amewahi kuomba kitu mbele ya watu.

"Mwezi wa saba mpunga uko shambani," bibi akasema.

"Utakuwa ndani, mama. Nitahakikisha."

"Na barabara? Mvua ikichelewa?"

"Barabara niachie mimi."

Bibi akamtazama mwanawe amsaidie. Baba akala lile tonge, akatafuna polepole kuliko lilivyohitaji, akasema, "Nitazungumza na tajiri."

Kuanzia hapo nilimwona mama akifanya kitu ambacho sikukielewa kwa miaka mingi. Magari ya machungwa ya mwanzo kutoka Umatumbi yalipoanza kushuka, madereva walisimama stendi ya Ikwiriri kunywa chai. Mama alikuwa akipeleka vitumbua. Hakuwa muuza vitumbua. Alivipeleka apate kuuliza. Nilikuwa naye, nimebeba beseni, na nakumbuka maswali yake kuliko ninavyokumbuka jedwali la kuzidisha. Mvua ya mwisho huko juu ilinyesha lini? Ilikuwa ya radi au ya manyunyu? Kile kijito cha kwanza, maji yanafika wapi kwenye tairi? Machungwa yameanza utamu au bado yanakunja uso? Na la mwisho siku zote: kuna aliyeanza kuchoma?

Madereva walimjibu kwa mzaha mwanzoni, baadaye kwa heshima. Mmoja, mzee mwenye kofia ya mkeka, alimwambia, "Mama, wewe unatafuta tundu la sindano." Mama akasema, "Ndiyo. Na lipo." Alinieleza tukirudi nyumbani. Mwezi wa sita utelezi haujakauka na machungwa ni machachu. Mwezi wa nane watu wanaanza kuwasha moto, mmoja hapa mmoja pale, na moshi ukishaingia hautoki mpaka mvua nyingine. Katikati kuna siku chache, kumi labda, hewa imeoshwa na barabara imeshika. "Mtu asiyezaliwa kule hawezi kuzijua," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ile safari kupataja kwao.

Na mpunga aliuvuna. Alitangulia shambani kabla bibi hajaamka, akavuna kwa kisu suke kwa suke, sehemu yake na sehemu ya bibi, mpaka vidole vikapasuka akavifunga vitambaa. Bibi alikuwa akifika na kukuta mafungu yamepangwa. Hakusema asante wala hakusema acha. Lakini siku ya mwisho nilimwona akishuka kutoka kwenye dungu, kile kibanda cha juu anamokaa kuamia ndege, akiwa na kikombe cha uji. Alikipeleka mwenyewe mpaka alipokuwa mama katikati ya mabua, akasimama hapo akingoja kikombe chake. Wakati ule sikuona ajabu yoyote.

Tuliondoka baada ya swala ya alfajiri, mimi na bibi tukiwa mbele karibu na baba, mama na kaka Saidi nyuma na mizigo. Hewa ilikuwa baridi ya kusimamisha vinyweleo vya mkono. Mpaka Njia Nne mambo yalikwenda vizuri, na tulipokunja kuelekea juu nilifumba macho. Sikutaka kuona kijivu tena. Nilifumba mpaka nikasikia gari linapunguza mwendo, linasimama.

Mbele yetu palikuwa na mwinuko, udongo mwekundu unang'aa kama umepakwa mafuta. Mvua ndogo ilikuwa imepita usiku, ya mahali pamoja, isiyo na habari na maswali ya mtu. Baba alijaribu. Landrova ilipanda theluthi moja, ikapiga kelele, ikaanza kurudi ikiwa imelala upande kuelekea bondeni. Bibi alishika mkono wangu akasoma aya ya Kursi kwa sauti. Baba akalituliza gari chini, akazima, jasho likimtoka.

"Tunarudi," akasema. "Sitaua watu."

"Nilisema mimi," bibi akasema, lakini sauti yake haikuwa na makali. Alikuwa anaogopa.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Mama alishuka, akavua viatu, akajifunga kanga kiunoni mafundo mawili. Alitembea juu ya ule utelezi kama mtu anayetembea sebuleni kwake. Alipofika katikati alichutama, akagusa udongo, akavunja bonge, akanusa. Halafu akaita. Hakutuita sisi. Aligeukia mashamba ya juu, akaweka mikono mdomoni, akaita kwa Kimatumbi, neno refu lililopanda na kushuka, na sikuwa nimewahi kusikia sauti ile ikitoka kwa mama yangu. Ilikuwa kubwa mno kwa nyumba yetu.

Kutoka juu ikajibu sauti nyingine. Akatokea mwanamke mwenye mkungu wa ndizi, kisha wanaume wawili wenye majembe. Yule mwanamke alipomwona mama alitupa ndizi zake chini. "He! Si mtoto wa mzee Mbonde huyu?" Wakakumbatiana palepale kwenye tope, wakicheka.

Kisha mama akawapanga. Wanaume wakakwangua utelezi wa juu kwa majembe mpaka ukatokea udongo mgumu wenye kokoto. Yeye na yule mwanamke wakakata matawi, wakayalaza mistari miwili ambamo tairi zitapita. Baba alitaka kuongeza matawi upande wa bonde, mama akamwambia, "Hapana, Baba Saidi. Pale udongo unadanganya. Shika ukutani, upande wa mlima." Baba, aliyekuwa dereva tangu ujana na asiyependa kuelekezwa hata na askari, akashika ukutani.

"Watu washuke kwanza," mama akasema. "Mama, njoo."

Bibi alikuwa hajawahi kupanda mlima kwa miguu katika maisha yake. Miguu yake ilikuwa ya tambarare na ya maji. Alishuka garini akasimama ameshikilia mlango. "Nitaanguka," akasema, na nilishtuka, maana sikujua kuna kitu bibi hawezi.

Mama alimpa mkono wake uliofungwa vitambaa. "Tia mguu nilipotia mimi, mama. Usitazame chini. Tazama kisigino changu."

Bibi akatazama kisigino cha mkaza mwanawe, akapanda. Hatua, pumzi, hatua. Mimi nilikuwa nyuma yao. Mara mbili aliteleza, na mara mbili ule mkono haukuachia. Tulipofika juu mama akamkalisha kwenye gogo, akarudi chini ukingoni, akamwinulia baba kidole. Baba akawasha. Mama alitembea kinyumenyume mbele ya gari, mikono yote miwili hewani, akilivuta kama ng'ombe. "Njoo. Njoo. Usikanyage! Acha lipumue. Sasa!" Landrova ikanguruma, matawi yakalia, ikapita ubavuni mwake na kusimama juu, salama. Wale wanaume wakapiga vigelegele kama wanawake. Baba aliegemea usukani akacheka, akamwangalia mama kwa namna iliyonifanya nitazame pembeni.

Na nilipotazama pembeni, niliona.

Ilikuwa pale. Nilikuwa nimesahau kuitafuta. Kilima cha karibu kilikuwa kijani kiasi cha kuweza kuhesabu migomba yake, cha nyuma yake kijani cha giza, halafu ikaanza ile bluu, na bluu nyingine nyuma yake iliyopauka, na nyingine. Hewa ilikuwa safi mpaka ilionekana kama kuna mtu amefuta kioo. Nilipiga magoti nikaweka kiganja juu ya jiwe lililotokeza kando ya njia. Lilikuwa gumu, baridi, lina ukungu wa kijani. Nikalipiga kwa ngumi. Liliniumiza, na niliona raha isiyo kifani.

Kwa mjomba tulikuta machungwa yamelaza matawi mpaka chini. Bibi alikula sita, akayahesabu mwenyewe kwa mshangao. Asubuhi mama alituamsha, akatupeleka kwenye jiwe lake. Mawingu yalikuwa yamelala bondeni, chini yetu, kama alivyosema, na sisi tumekauka. Bibi alisimama amejitanda kanga mbili. Jua lilipoyakunja mawingu, mashariki ukatokea mstari unaong'aa, ndiyo bahari, na kaskazini, mbali kabisa, kitu chembamba cheupe.

"Kile nini?" bibi akauliza.

"Kwenu, mama," mjomba akamjibu. "Midomo ya Rufiji."

Baba alitia shaka, na mimi hadi leo sijathibitisha kama kweli mto unaonekana kutoka pale. Lakini bibi hakutia shaka. Aliuangalia ule mto, alioishi kando yake umri wake wote bila kuwahi kuuona mzima, na machozi yakamtoka, akayaacha. "Kumbe ndivyo ulivyo," akasema. Halafu akamgeukia mama. "Na wewe ulikuwa na hivi vyote, ukaja kukaa na sisi kwenye mbu."

Mama akacheka, akamfunika bibi bega lililokuwa wazi.

Wengine waliposhuka kunywa chai, nilibaki na mama. Nilihesabu vilima kwa kidole mpaka nikafika kumi na kimoja, halafu nikasema kile nilichokuwa nimekibeba toka masika. "Mama, mimi shuleni nilisema…"

"Nilisikia," akasema.

"Ulikasirika?"

Alifikiri. Mama hakuwa mtu wa kumjibu mtoto ovyo. "Sikukukasirikia wewe. Ulisema ulichokiona. Niliukasirikia ule mwezi." Akanipangusa tope kwenye shavu. "Kitu cha haki ukikionyesha wakati mbaya, mtu atakuita mwongo, na hatakuwa na kosa. Kazi ni kujua wakati, na kutokubali kuharakishwa."

Jumatatu nilisimama darasani bila kuulizwa na kusema mama yangu ni Mmatumbi, kwao kuna vilima kumi na kimoja, na nimevihesabu. Tausi akaniuliza kama naye anaweza kwenda. Nikamwambia inategemea mwezi.

Bibi yeye alihitaji muda zaidi, kwani mdomo uliozoea njia moja haugeuki kwa siku moja. Lakini majirani walipokuja kutusaidia kupeta mpunga wa mwisho, uani kwetu, wanawake kama wanane, niliwasikia wakipanga kwenda Umatumbi kwenye arusi ya ndugu wa mmoja wao. "Twende mwezi wa kumi," mmoja akasema. "Vumbi si neno. Na hiyo milima si ipo tu? Itakwenda wapi?"

"Nyie hamjui kitu," bibi akasema. Aliweka ungo wake chini. "Mwezi wa kumi mtakwenda kula jivu, mrudi hapa mnaniambia hakuna milima. Milima ina wakati wake kama mpunga. Tena msiniulize mimi. Mimi nilipelekwa tu, nikashikwa mkono. Muulizeni mwenyewe."

Nyuso zote nane zikamgeukia mama, nyungo zikiwa zimesimama hewani. Nilikuwa nimekaa karibu na goti lake, na niliinua shingo kana kwamba wananitazama mimi. Mama hakufanya haraka. Alirusha ungo, akapuliza pumba, akarusha tena, akachagua kijiwe kimoja akakitupa. Akamaliza kwanza ungo wake, nao wakamsubiri.